Salamu ya Mjomba Athmani

Ninachokumbuka kwanza ni mlio mkavu wa bakora zikigongana, juu ya sauti ya zumari, na vumbi la mtaa wa Shika Adabu, Likoni, likitupanda hadi magotini. Harusi za mtaa wetu, baada ya alasiri, hazikukosa kirumbizi: wanaume wawili huingia uwanjani na bakora, wakazungukana kwa madaha, wakagongesha, mmoja akatoka na mwingine akaingia. Ni mchezo wa kutishana, si wa kuumizana. Na kofia ya mtu haiguswi, hasa mbele ya wakwe zake.

Mjomba Athmani, kitinda mimba katika ndugu za mama, alilijua hilo fika. Lakini alikuwa amelewa filamu za mashujaa wa upanga, wale wanaomrukia adui kutoka darini huku wakicheka. Shati lake halikufungwa vifungo vya juu, kiunoni alijifunga kitambaa chekundu, na kwetu hakuingia kwa mlango maadamu ukuta upo. Bibi akimkaripia, alimbusu mkono na kuinama mpaka bibi mwenyewe akacheka. Mimi, binti mdogo, nilimwona ndiye mwanamume mzuri kuliko wote Likoni. Mama hakucheka. Mwaka ule vijana wa mtaani walikuwa wameanza kutembea na mapanga ndani ya mashati.

Kwenye harusi ya jirani, mjomba aliingia uwanjani na Saidi, kijana aliyekuwa amechumbia nyumba ileile. Kwa ncha ya bakora akamvua kofia, akairusha juu, akaidaka, kisha akainama na kumrudishia. Uwanja mzima ukaangua kicheko, wakwe pia. Saidi aliipangusa kofia taratibu.

“Tutaonana, Athmani,” akasema. “Na hiyo bakora yako uje nayo.”

Jioni mama alimshika mjomba mkono. “Enda kamtake radhi mwana wa watu. Wallahi roho yangu haijatulia.”

“Dada wee, ule ulikuwa mtezo tu. Na shujaa hakimbii.”

“Sikwambii ukimbie. Nakwambia uishi.”

Hakwenda. Watoto tukakatazwa kucheza nje. Ijumaa, baada ya sala, Saidi akatokea kwenye kona yetu na wenzake wawili. Mjomba akaruka ukuta na bakora yake, akasimama katikati ya njia, akaweka mkono kifuani, akainama, kama mashujaa wake wanavyomsalimu adui kabla ya pambano. Nilikuwa dirishani, nimejaa fahari. Hawakungoja ainuke; mapanga yakatoka mashatini.

Aliishi, alhamdulillahi, ingawa mkono wake wa kulia haushiki hata kikombe. Siku hizi vijana wa mapanga wamezidi, nao hawangoji kuvuliwa kofia ndipo wakujie. Wanangu hupenda kumsikiliza mjomba akisimulia siku ile, naye kila mara hukomea pale alipoinama. Hapo humpigia makofi. Mimi niliyeona kilichofuata huwaita wote ndani, naye pia, nikatia komeo mlangoni jua likiwa bado juu.