Wifi Yangu, Nywele Zake na Vidonge vya Damu Nilivyovitupa Chooni

Mimi ndiye niliyemwachisha wifi yangu vidonge vya damu akiwa mjamzito. Hakuna aliyenituma. Naliandika hilo kwanza, ili kama unataka kuacha kunisoma uache sasa hivi.

Mimi ni msusi hapa Katandala, Sumbawanga mjini. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba niliyopanga. Nywele nazijua, jamani, hapo hakuna wa kunibishia. Kosa langu nilidhani nikijua nywele basi najua na mwili uliozibeba.

Kaka yangu analima mahindi na ulezi kule kijijini kwetu, Mwazye. Mimba ya mke wake ilipokuwa kubwa, alimleta kwangu akae karibu na hospitali. Huku ndivyo tunavyofanya, maana barabara ikishalowa hujui utafika saa ngapi. Wifi alikuja na maharage, dagaa na majani ya kunde yaliyokaushwa. Binti mpole, na hiyo ndiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Nilipomfumua nimsuke, kichana kilitoka na mafungu ya nywele. Mbele kwenye paji vilikuwa vimebaki vinyoya tu. Nikapiga kelele, "Wee wifi! Hizi nywele zimeliwa na panya?" Akacheka kwa aibu, akajifunika kanga.

Hapo ningepaswa kujiuliza kwa nini zinakatika. Alikuwa akipanda ngazi za mlangoni tu anahema. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Kutwa anatafuna ule udongo wa sokoni, mpaka namtania, "Wifi, utazaa tofali!" Yote hayo niliyaona, lakini akili yangu ilikuwa kwenye nywele.

Wakati huo nilikuwa nauza vidonge vya nywele. Mama mmoja alikuwa akiniletea kutoka Tunduma, vya rangirangi, vitamu kama pipi, na kwenye kopo kuna picha ya mwanamke mwenye nywele mpaka kiunoni. Hata mimi nilikuwa navila, na nywele zangu zimejaa kweli. Sikukumbuka kwamba zilijaa tangu niko shule, na kwamba kwetu maharage hayajawahi kukosekana.

Kliniki walikuwa wamempa wifi vidonge vya kuongeza damu. Vikawa vinampa kichefuchefu, choo kinatoka cheusi, akaogopa. Akaniuliza mimi. Badala ya kumwambia arudi kliniki akaulize, nikamwambia, "Hivyo ndivyo vinavyokuunguza mpaka nywele zinakatika. Achana navyo, kula hivi vyangu."

"Lakini nesi alisema nisiviache, wifi."

"Nesi anamsuka nani?"

Sijui huko kwenu, lakini kwetu dada wa mume anasikilizwa kama mume mwenyewe. Halafu anakula kwangu, analala kwangu, atanibishia vipi? Akasema, "Sawa, wifi." Nikavichukua vile vidonge vya kliniki nikavitupa chooni.

Na kile chakula alichokuja nacho nikakipandisha juu ya kabati. Nilikiona cha kijijini. Asubuhi nikawa nampa chai ya rangi na maandazi, mchana chipsi, jioni wali mtupu na chai tena. Nilidhani namdekeza.

Uchungu ulimshika mchana, nikamkimbiza hospitali kwa bajaji. Akajifungua, akatokwa damu nyingi, na damu yenyewe mwilini ilikuwa kidogo. Wakawa wanakimbia huku na huku. Nesi akanifuata pale kwenye benchi, akaniuliza harakaharaka, "Vidonge vya damu alikuwa anameza?"

Nikasema, "Ndiyo, sista. Kila siku."

Mungu wangu! Na sauti yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Wifi aliongezewa damu, akapona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike, mdogo mno. Daktari hakusema ni kwa ajili ya vidonge. Alisema tu damu ya mama ilikuwa chini kwa muda mrefu na mtoto hakukua vizuri. Labda angefariki hata kama mama yake angevimeza vyote. Nimejiambia hivyo mara nyingi na haijanisaidia.

Tulimzika Mwazye. Kaka alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Asante dada, umehangaika sana na mke wangu." Nikaitikia, "Haya, kaka." Nikala ugali wa msibani, nikashiba. Sikulia siku ile na mpaka leo sijalia. Nasuka, nawapokea wateja, nacheka pale inapobidi kucheka, lakini ndani sisikii kitu. Hata mtu akinitukana naona sawa tu.

Wifi alibaki kijijini na mama yangu. Hospitali walimrudishia vidonge vya damu, safari hii akavimeza mpaka vikaisha, na mama akawa anampikia maharage, dagaa na mboga za majani. Ukapita mwaka na zaidi. Nywele zikarudi, nyingi, nyeusi! Na unajua anawaambia nini watu? Kwamba ni zile pipi za wifi yake wa mjini. Wanawake wanatoka mpaka Mpui kuja kuniulizia. Nawaambia zimeisha. Ukweli ni kwamba niliacha kuziuza, ila sijawahi kumweleza mtu kwa nini.

Juzi alinipigia simu. Ana mimba nyingine. "Wifi, niwekee zile pipi, si unajua mambo ya nywele nakutegemea wewe!"

Nikamwambia hapana. Ameze vya kliniki, ale maharage na mboga, na chai aiweke mbali na chakula na vidonge, maana inazuia damu kuongezeka.

"Mbona ulisema vya kliniki vinaharibu nywele?"

"Nilikosea."

Akacheka. "Usijali bwana, wifi, ni nywele tu!"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nikamwambia salio linaisha, nikakata.

Ndugu yangu unayesoma, nywele zako zikianza kukatika hovyo, nenda ukapimwe damu kabla hujanunua kopo lolote. Vidonge vya kliniki vikikusumbua, mrudie aliyekupa. Na wewe msusi mwenzangu, mteja akikuuliza habari za dawa, mwambie hujui. Hutapungukiwa kitu! Mimi niliona aibu kusema sijui, na ona nilipofika.

Wifi akikaribia kujifungua atakuja kukaa kwangu tena. Kaka amesema hakuna mtu mwingine anayemwamini kumwachia mke wake.