Ameosha panga za wenzake miaka 30, wa kwao ukamtoa jasho

Saa tatu asubuhi, Cosain Macaundas amechutama uani kwake Tugaya, kando ya Ziwa Lanao, akisugua upanga wa jadi uitwao kris kwa nusu ya ndimu. Weusi wa moshi na mafuta unatoka. Mara mkono unasita.

Anachukua wembe, anauchomeka penye mstari unaotenga upanga na gangya, kile kipande cha chuma kinachokinga mkono. Hauingii. Anajaribu tena. Hauingii.

“Mstari umechorwa tu,” anasema, akiuweka wembe chini.

Kwa miaka 30 Cosain, 58, amekuwa akikusanya kris za kale vijijini, anazisafisha na kukadiria umri wake. Kipimo chake ni mstari huo. Wahunzi wa zamani walifua gangya peke yake wakaiunga na upanga. Tangu miaka ya 1930 hivi, wengi walichora mstari wa kuzuga macho.

Huu wa leo ni wa kwao. Ukoo mzima unaamini babu mkuu aliushika dhidi ya wavamizi wa Kimarekani mwaka 1902. Ijumaa utakuwa sehemu ya mahari ya mwanawe, Jalanie, na wakwe wameutaka huu huu, si mwingine.

Marehemu mama yake alikataza usioshwe, eti baraka itatoka. Cosain alitii. Kinyozi hajinyoi.

Dada ya mama yake, Omerah, 84, anatoka jikoni, anautazama upanga.

“Umeuosha. Basi umejua.”

“Nimejua nini, Mama Mkubwa?”

“Wa kweli uliuzwa. Ulikuwa na miaka sita, kipindupindu kimekukausha, hata machozi huna. Mama yako akampa tajiri wa mjini Marawi, akapata dawa. Huu akaununua sokoni, tusiaibike.”

“Miaka yote mnanisikiliza nikijisifu?”

“Ulikuwa unajisifu vizuri, mwanangu.”

Cosain anaketi chini kabisa. Amewaambia wajane wangapi kwamba panga za waume zao si za kale? Hakumbuki idadi, na inamuuma.

Wakwe wakijisikia wametapeliwa, ndoa imevunjika. Hata hivyo, Ijumaa ataupeleka ukiwa umeoshwa, awaonyeshe mwenyewe mstari wa kuchorwa.

“Nitawaambia kwamba upanga wa vitani mama aliutoa ili niishi, akabaki na huu,” anasema. “Nao wamezaliwa na mama. Natumaini watanipokea.”