Figa Jeusi la Nyiragongo

Mafiga ya mama yangu hayakufanana. Mawili baba aliyaokota hapa hapa Likasi, mazito, yana mistari ya kijani ya shaba. La tatu lilikuwa jeusi, lina vitundu, jepesi hata mtoto aliliinua kwa mkono mmoja. Lilitoka jikoni kwa bibi, chini ya Nyiragongo, ule mlima wa moto wa upande wa Goma. Bibi alimpa mama siku ya kuolewa, kama naye alivyopewa na mama yake.

Baba, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, hakuacha kumtania mama kwa jiwe lile. "Libwe gani hii? Ni mukate!"

"Ndiyo, mukate. Ilipikwa mu tumbo ya mulima. Yako ilikufa zamani!" mama alimjibu.

Tukiota moto mama alitusimulia kwamba wafu wa kwao huenda milimani. Wema hukaa Karisimbi, juu kwenye baridi, wametulia. Waovu huungua ndani ya Nyiragongo, na moshi wake ndio wao. Jumapili tulikwenda misa wote, na mama hakuona tatizo. Mimi pia silioni, na asiniulize mtu.

Kisha mlima ukapasuka. Redio ilimsifu kwanza Mkuu wa nchi, wee, mpaka masikio yakachoka, ndipo ikatutupia maneno mawili matatu: mlima umetapika, watu wamekufa. Basi! Bibi je? Nani angetuambia? Jirani akiuliza, mama alikoroga chungu tu. "Mama yangu iko. Sijaambiwa kitu."

Miezi ikapita. Siku moja mjomba, mdogo wake mama, akafika kwa treni, amenyoa kichwa. Mama alipokiona kile kichwa akakaa chini palepale.

"Dada, ule moto haukutembea, ulikimbia. Kama maziwa inafurika mu chungu. Mama hakuwahi kutoka."

Alisema migomba iliungua, na ule moto ulipoganda kuwa jiwe ukabaki na matundu pale migomba ilipokuwa imesimama. Nyumba haionekani. Kaburi hakuna.

Mama akapiga yowe. "Alikosea nani? Ule moto ni wa wabaya! Mama yangu alikosea nani?"

Baba, bingwa wa utani, alilia kuliko sisi wote. Niliuchukia ule mlima, nauchukia hadi leo.

Maharagwe yalikuwa yanachemka. Mama akainuka, akaepua chungu, akalivuta figa jeusi kwa kijiti mpaka nje ya jivu.

"Chungu itakaa juu ya nini?" baba aliuliza taratibu.

"Utanitafutia ingine. Hii hapana tena mu moto. Ameungua, inatosha."

Baba akaleta jiwe lingine la Likasi. Lile jeusi likakaa kivulini, karibu na mtungi. Kila asubuhi, kabla hajanywa mtu yeyote, mama alilimwagia kikombe cha maji baridi, na vile vitundu viliyanywa yote.

"Poa, mama," alikuwa akiliambia. "Poa."