Mtungi Uliopoza Ngulyati

Naomba niwasimulie aibu hii mimi mwenyewe, kwa mpangilio na kwa tarehe, kabla hamjaisikia kutoka kwa shemeji yangu Masunga, maana yeye kila akiisimulia huongeza jambo ambalo halikuwepo. Ni kweli kwamba kwa viangazi viwili kijiji chetu cha Ngulyati kilihesabiwa kuwa kinapoa wakati mkoa mzima wa Simiyu unazidi kuungua. Na ni kweli kwamba aliyekipoza ni mimi, kwa mtungi wa maji.

Marehemu mume wangu, Baba Kabula, alikuwa msomaji wa kipimajoto wa kujitolea. Watu wa hali ya hewa walimjengea hapa uani kibanda kidogo cheupe cha mbao, chenye miguu mirefu na kuta za mianya zinazopitisha upepo lakini si jua, na kipimajoto kilichokuwa humo alikisoma kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, hata siku za palizi ya pamba, hata akiwa na homa. Alipofariki, Masunga akasema kibanda kihamie kwake, kwani kazi ya namba si ya mjane. Nikamkumbusha kwamba mjane huyu alimaliza kidato cha nne akiwa tayari ana wajukuu (madarasa ya jioni, hisabati nilipata C, na cheti kiko ukutani kwa anayetaka kukiona). Kibanda kikabaki kwangu.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mwaka jana, nikiwa nimemaliza kusoma kipimo cha asubuhi, nilikitazama kibanda kile nikaona jambo ambalo mwanamke yeyote aliyelelewa Usukumani angeliona: kivuli, upepo wa pande zote, kufuli, na mbuzi hafiki. Mtungi unataka nini zaidi? Udongo ukipata kivuli na upepo hutoa jasho, na maji hupoa. Nikaleta mtungi wangu mdogo, nikauegemeza karibu na kipimajoto. Msidhani sikujiuliza. Nilijiuliza, tena kisomi: kipimajoto kinapima hewa, mtungi una maji, hivyo ni vitu viwili tofauti. (Fizikia sikuifanya.) Mvua zilipoanza niliutoa, na kiangazi kilichofuata nikaurudisha.

Oktoba ya mwaka huu nikapigiwa simu na watu wa hali ya hewa. Walikuwa wanachambua mwenendo wa joto la mkoa kwa miaka yote tangu Baba Kabula aanze kupima, na kila kituo mstari wake unapanda, isipokuwa changu, ambacho kilipanda kama wenzake kisha ghafla kikaanza kuporomoka kila kiangazi. Mtaalamu angekuja kuona. Mtu mwenye busara angeuliza kulikoni; mimi nilinunua karatasi ya manila, nikachora mstari wangu kwa rula, nikamwarifu mwenyekiti wa kijiji, naye akaitisha mkutano uani kwangu.

Siku ya mkutano, kila mtu alikuwa na sababu ya ubaridi wetu. Mwenyekiti alisema ni miarobaini aliyoipanda ofisini. Mchungaji alisema ni maombi. Masunga alisema ni dume la ng'ombe alilochinja kwenye kaburi la baba yao, yeye na marehemu mume wangu, na kwamba gharama alizibeba peke yake. Mtaalamu, binti anayeitwa Neema, alisikiliza yote huku jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Nami nikasimama mbele ya manila yangu, nikatamka kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Kwa uchambuzi wangu, joto la Ngulyati linashuka." Nikapigiwa makofi.

Kisha Neema akaomba maji.

Niambieni ninyi, mgeni akiomba maji mbele ya kijiji kizima utampa ya vuguvugu? Nikavua ufunguo shingoni, nikafungua kibanda, nikachota kikombe, nikampelekea.

"Mayu, ya baridi kweli," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Una friji?"

"Hapana, mwanangu. Ni kibanda chenu hiki, kinapoza vizuri mno."

Kikombe kikasimama mdomoni. Akaenda, akainama, akautazama mtungi ulivyokuwa ukitoa jasho ubavuni mwa kipimajoto.

"Huu mtungi unakaa humu siku zote?"

"Kiangazi tu," nikajibu, nikidhani najitetea.

Masunga ndiye aliyeelewa wa kwanza. "Shemeji," akasema polepole, "kumbe dume langu nimelichinja bure." Uani pote wakaangua kicheko, hata mchungaji.

Neema peke yake hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba kama haijulikani vipimo vipi vina mtungi na vipi havina, watalazimika kukifuta kituo chote, tangu mwanzo. Tangu mwanzo maana yake ni Baba Kabula, na homa zake zote.

"Vya mume wangu havina mtungi," nikasema.

"Nitaaminije, mayu?"

Basi nikasimama tena palepale penye manila, nikaanza kutaja mbele ya watu siku niliyouweka mtungi na siku niliyoutoa, kiangazi kwa kiangazi, nao wakanicheka kwa kila tarehe. Lakini jirani yangu Mama Limbu akainuka: "Hiyo ya Septemba ni kweli. Nilikuja kuomba chumvi, nikashangaa maji yamekuwa ya baridi." Mwingine naye akakumbuka alichokunywa. Mwisho akainuka Masunga, nami nikafumba macho.

"Enzi za kaka yangu," akasema, "maji ya nyumba hii yalikuwa kama ya kuogeshea mtoto. Nililalamika miaka yote. Andika hivyo."

Neema akaandika.

Miaka ya Baba Kabula imebaki. Viangazi vyangu viwili vimefutwa, na mstari wetu unapanda kama wa wenzetu. Mwenyekiti alikuja kuniomba niurudishe mtungi, eti tulikuwa tunapoa vizuri. Nimeapa kwamba humo hakitaingia kitu tena, hata yai. Masunga yeye amejijengea kibanda cheupe cha mianya kwa ajili ya mtungi wake, majirani wakamwiga, na mgeni akipita Ngulyati leo atadhani kila nyumba ni kituo cha hali ya hewa. Nyumba yenye kituo cha kweli ni moja tu, nayo ndiyo inayokunywa maji ya vuguvugu.