Saa Niliyoirekebisha Mwenyewe

Naona aibu, lakini acha niseme. Hapa Pasiansi nafundisha kutengeneza programu za simu, na kwa siku mbili kompyuta ya darasa iligoma kufungua programu tunayoitumia. Niliifuta, nikaiweka upya mara tatu, nikalaumu mtandao, nikalaumu hata umeme.

Mama Kulwa, mwanafunzi wangu mpya kutoka Sengerema, akavuta kiti. Yule mama ana utulivu jamani! Yale maandishi mekundu niliyokuwa nayafunga kila yakitokea, yeye aliyasoma neno kwa neno.

“Mwalimu, inasema saa ya kompyuta haiendani na ya mtandaoni. Sasa hivi ni saa ngapi?”

“Saa mbili asubuhi.”

“Hapa imeandikwa 2:00. Kwa kompyuta hiyo ni saa nane usiku. Ilitakiwa 8:00.”

Akabadilisha, programu ikafunguka papo hapo. Darasa zima likampigia makofi, na mimi nikapiga kwa moyo wote.

“Lakini nani aliichezea saa?” akauliza.

Nikafungua mdomo niseme sijui. Wote walikuwa wanatazama karatasi niliyoibandika juu ya kioo cha kompyuta, kwa mwandiko wangu: “Saa imewekwa ya Kiswahili. Msiiguse. Mwalimu.”