Nilikanyaga Mafuta Kamwokya

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika kabla ya kuwasha gari. Nilikuwa mwanamke pekee kati ya madereva kumi na mmoja wa ofisi moja ya serikali pale Nakasero, Kampala, na sare niliyopewa ilikuwa imeshonwa kwa mabega ya mwanamume. Mkuu wa Magari, yaani ofisa aliyegawa magari na madereva kila asubuhi, aliniona nikijifuta mdomo. Alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini kama baba yangu, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kambini nilikokulia.

"Wewe naogopa?" aliniuliza.

"Ndiyo, afande."

"Mzuri. Ile dereva hapana ogopa, mimi napeleka yeye bustani, nakata majani."

Alinifundisha kwanza kukaa. Kabla ya kugusa ufunguo, mikono magotini, unavuta pumzi mara tatu taratibu mpaka usikie moyo wako umetulia. Halafu akanifundisha kazi aliyoiita kusoma barabara. Dereva anataja kwa sauti kila anachokiona, mbele, kwenye vioo na ubavuni, na kila mtu anayemtaja anasema ni nani anamngoja nyumbani. Mama na kikapu kushoto, watoto wake wanamngoja. Mzee anavuka, bibi yake anamngoja. Ukimruka mtu mmoja, Mkuu wa Magari anagonga dashibodi kwa rula, na mnarudi getini kuanza upya. Siku hiyo tulirudi getini mara tisa, na walinzi wakaacha kutupigia saluti.

"Boda nyuma yangu, kulia," nilisema mara moja.

Rula ikagonga. "Boda ni chuma. Juu ya chuma iko nani?"

"Mtu, afande. Lakini sijui nani anangoja yeye."

"Basi danganya. Uongo ya namna hiyo Mungu nasamehe."

Madereva wenzangu walituita watu wa maombi. Walicheka, nami moyoni nilicheka nao. Lakini woga niliamka nao kila siku, nikanywa nao chai, nikaenda nao kazini. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nilijishikiza kwenye maneno hayo.

Baadaye nilihamishiwa Old Kampala, chini ya Mkaguzi wa Majengo, mtu mpole aliyesinzia tukifika tu kwenye mteremko. Huko nilijua maana ya kuondoka kilimani. Unashikilia gari kwa breki ya mkono, unaachia klachi polepole mpaka usikie injini imebeba uzito, ndipo unaachia breki. Ukikosea, gari linarudi nyuma. Na nyuma yangu, saa ya shule kufunguliwa, kulikuwa na watoto wenye soksi nyeupe. Niliwataja mmoja mmoja kwenye kioo huku jasho likinitiririka mgongoni. Miaka sita sikurudi nyuma hata shubiri moja.

Kisha nikapandishwa cheo, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilipewa kumwendesha Mkurugenzi. Yeye alikaa nyuma na simu mbili, na asubuhi ya kwanza tu aliniuliza nasema na nani.

"Nasoma barabara, sebo," nilijibu, nikimwita bwana kwa Kiganda.

"Hii gari si redio. Nyamaza, endesha."

Nikanyamaza. Mwanzo niliendelea kusoma kimoyomoyo. Halafu nikabaki na magari tu, bila watu. Halafu sikusoma chochote, nilikuwa nawaza yangu huku miguu na mikono ikijiendesha yenyewe. La ajabu ni kwamba woga uliniacha. Nikaona sasa nimekomaa. Kumbe ule woga ndio uliokuwa ukinifumbua macho.

Asubuhi hiyo tulikuwa Kamwokya, jam imeshikana, Mkurugenzi amechelewa mkutano. Akaniambia nikate kushoto, nipite njia ya sokoni. Kila dereva wa Kampala anajua kwamba jam ikisimama, boda hupenya kushoto kwako, kati ya gari na mtaro. Nilijua. Nikakata kona bila kugeuza shingo.

Nilisikia kishindo kidogo sana, kama mtu amegonga mlango akitaka kuingia. Pikipiki ikalala. Kwenye kioo nikamwona mwendeshaji akiinuka, na abiria wake, mwanamke, yuko chini, mguu umekunjika vibaya, vitenge vyake vimetapakaa barabarani.

"Twende!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Hapana simama! Wewe nataka hawa watu naua sisi?"

Tulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: ukigonga mtu usishuke, kimbilia kituo cha polisi, maana wenye hasira hawaulizi maswali. Watu walikwisha kuanza kupiga kelele. Sikuvuta pumzi hata moja. Nilikanyaga mafuta.

Gari lilisogea kama hatua mbili. Mbele, lori la matoke lilikuwa linarudi nyuma kutoka sokoni, likaziba njia nzima. Hakukuwa na pa kwenda. Mkurugenzi alifungua mlango wa upande wa pili akashuka, akapotea kati ya vibanda na simu zake. Nami nikashuka kwa sababu mtu alikuwa tayari amekamata kitasa cha mlango wangu.

Nilifika kwa yule mwanamke, nikapiga magoti. Alikuwa Mkongomani, muuza vitenge; baadaye nilimjua kwa jina la Mama Furaha. Akanikamata kifundo cha mkono kwa vidole vya chuma.

"Usiniache, mama," alisema. "Minaumia. Usiniache."

"Siendi, dada."

Mwendeshaji wa boda alikuwa ameokota jiwe. Mama Furaha akamwona. "Mumuache! Anipeleke hospitali, mumuache!" Hakuachia mkono wangu hata walipomwinua kumlaza kiti cha nyuma. Ilibidi nimwombe ndipo aniachie niendeshe. Boda zilitangulia kutufungulia njia, nami nikasoma barabara kwa sauti mpaka hospitali, mtu kwa mtu, nikilia.

Alipona, ila mguu umebaki mfupi. Mimi nilishtakiwa, nikakiri kosa la kona, nikaadhibiwa, kisha nikarudishwa kazini kufundisha madereva wapya. Kwa miaka yote hiyo nilisifiwa kwa jambo moja. Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mkuu mpya wa Magari alisimama akasema, "Huyu mama aligonga mtu akashuka. Wengine wangekimbia." Watu wakapiga makofi, nami nikainamia sahani yangu.

Mama Furaha tulikuwa marafiki. Nilimtembelea kila Pasaka, na kila mara nilivuta pumzi mara tatu mlangoni kwake kabla ya kubisha. Niliogopa kwamba siku moja atajua, na rafiki niliyempata kwa uongo nitampoteza kwa ukweli. Watu husema ajali haina kinga. Labda. Lakini kile nilichofanya baada ya kishindo hakikuwa ajali.

Mwezi uliopita, baada ya siku nyingi za kukosa usingizi, nilikwenda kwake. Alikuwa anakunja vitenge kwenye kibanda chake. Nilibaki nimesimama.

"Dada, siku ile sikusimama," nilimwambia. "Nilikanyaga mafuta nikuache. Lori ndilo lilinizuia."

Aliendelea kukunja kitenge mpaka mwisho, akakiweka juu ya vingine.

"Nilikuwa chini," akasema. "Niliona ile tairi inazunguka. Nilijua unakimbia. Njo maana nilikukamata nguvu vile."

"Miaka yote hii ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukawaambia waniache?"

"Wewe njo ulikuwa na gari, mama. Na nilikuwa nataka kuishi." Akanisogezea kigoda. "Kisha ukazoea kuja. Na miye nikazoea kukungoja. Ikaa chini."