Pesa za Mejumaa zilifika India, zikakosa mwenyewe

Saa mbili asubuhi, mlango wa chuma wa duka haujapandishwa hadi juu, na Mejumaa Zaki ameshaitia mafuta cherehani yake. Anakaa barazani, mbele ya duka la leso, yaani kanga, katika Biashara Street, mjini Mombasa, mgongo wake ukiegemea nguzo. Ubavuni mwake kuna rundo la leso ambazo hazijakatwa.

Anachukua jozi moja, anaikunja, anaipata katikati yake kwa kidole, anakata. Kisha anaanza kupinda. Mikono inajua njia. Macho yake yako barabarani.

"Bi Mejumaa, nifanyie hima," anasema msichana mmoja aliyetoka dukani na jozi kifuani. "Harusi ni Ijumaa."

"Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Basi kaa kitako. Bibi harusi hakimbizwi."

Msichana anacheka, anakaa. Pindo zikiisha, Mejumaa anazikunja leso na kuzibandika kipande cha karatasi kwa pini. Juu yake ameandika "Nabiha". Hufanya hivyo kwa kila jozi, hata kama mwenyewe yuko mbele yake. Haandiki nambari wala jina la duka.

"Nambari hupotea," anasema. "Mtu hapotei. Njoo uniambie wewe ni nani, leso yako nakupa hata baada ya mwaka. Miaka kumi na tisa niko hapa, sijampa mtu leso ya mwenziwe."

Mazoea hayo yamemlinda katika kazi yake. Mapema mwaka huu, aliyachukua hadi kwenye dirisha la benki.

Mejumaa ana umri wa miaka arobaini na minane na ni mjane. Anaishi ghorofa ya pili katika nyumba ya kukodi huko Mji wa Kale, pamoja na mtoto wake wa pekee, Lamis, mwenye miaka ishirini. Lamis aliugua homa ya baridi yabisi akiwa darasa la nne. Homa ilipoa, lakini iliacha vali moja ya moyo ikiwa haifungi sawasawa.

Kwa miaka mingi dawa zilitosha. Mwaka jana miguu ilianza kuvimba, na ngazi za nyumbani zikawa mlima. Daktari wa moyo hapa Mombasa alisema vali ibadilishwe. Familia iliandikiana na hospitali moja mjini Chennai, India, ambako jamaa yao aliwahi kutibiwa. Hospitali ikapanga tarehe na kutaka dola elfu sita zitumwe mapema kwa njia ya benki. Zikishafika, ingetoa barua ya kuombea viza.

Kupinda jozi moja ya leso ni shilingi arobaini. Siku ya kawaida Mejumaa hupata jozi kumi na tano, karibu shilingi mia sita. Dola elfu sita zilikuwa shilingi laki saba na themanini na sita.

Aliuza bangili zake za harusi. Zilizobaki zilitoka kwa watu: wanawake wa chama chao cha kusaidiana katika harusi na matanga, majirani, wenye maduka wa Biashara Street, na binamu wawili walioko Muscat. Watu zaidi ya sitini. Mwenye duka, Jamaldin, ndiye aliyekuwa akizipokea na kuzihifadhi katika sefu yake.

"Sijaona mtu akichangiwa upesi namna ile," anasema Jamaldin. "Huyu mama amepindia mji mzima leso. Hakuna nyumba isiyomjua."

Siku ya kutuma, Mejumaa alivaa buibui lake jipya. Benki ni mwendo mfupi kutoka barazani. Alihudumiwa na Nicanor, kijana mwenyeji wa Homa Bay anayekaa Ganjoni. Nicanor haruhusiwi kuisemea benki, kwa hiyo jina hilo moja ndilo analoruhusu litajwe, na benki yenyewe hatuitaji.

"Nilimuuliza, 'Mama Lamis, zinaenda kwa nani?'" anakumbuka. "Akanijibu pale pale, 'Kwa Dakta Sundaram.'"

Nambari ya akaunti aliyomsomea kutoka kwenye kipande cha karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa ni ya hospitali. Jina lilikuwa la daktari ambaye angempasua Lamis.

"Mashine yetu haiwezi kujua akaunti ya India ni ya nani," anasema Nicanor. "Inapeleka kilichoandikwa. Barua ya hospitali ilikuwa kwenye mkoba wake. Hakuitoa, nami sikuiomba. Foleni ilikuwa imefika mlangoni."

Mejumaa naye anaeleza upande wake bila kupandisha sauti.

"Kwetu sisi, amana hukabidhiwa mtu. Ukiniachia dhahabu yako, waniachia mimi, huiachii nyumba yangu. Yule daktari alizungumza nami kwa simu, Lamis yuwatafsiri. Akaniambia, 'Mama, mlete.' Sauti yake niliiamini. Sasa pesa za watu sitini nizipeleke kwa jengo?"

Nicanor alimpa risiti na kumwambia asubiri siku chache.

Safari ya pesa hizo, kama Nicanor anavyoielewa, haikuwa ya moja kwa moja. Benki ya Mombasa ilituma ujumbe kwa benki kubwa huko Marekani ambako dola hupitia. Benki hiyo ikakata ada yake na kupeleka ujumbe India. Benki ya India ikatazama akaunti, ikatazama jina, ikaona haviendani. Ikazizuia.

"Zilifika," anasema. "Hilo ndilo linaloumiza. Zilifika kabisa, zikakosa mwenyewe."

Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani, Mejumaa alipitia benki. Walinzi wakamzoea. Barazani, Jamaldin alijaribu kumchekesha.

"Bi Mejumaa, benki ishakupa kiti chako, au bado wasimama?"

"Wamenipa. Na jina langu wameliandika nyuma."

Siku moja Nicanor alimwita pembeni na kumweleza kosa liko wapi. Mejumaa anasema hakumwelewa mara ya kwanza. Alidhani daktari ameshtakiwa. Alipoelewa, aliomba maji.

Benki ilituma ujumbe wa kusahihisha jina, na hospitali nayo ikaombwa iandike kwamba pesa ni zake. Hospitali iliandika. Lakini masahihisho yalipishana njiani na uamuzi wa benki ya India, ambayo ilikuwa imeshazirudisha pesa zilikotoka. Hadi zinaingia tena Mombasa, wiki tano zilikuwa zimepita, na tarehe ya Lamis pia. Kitandani pake alikuwa amelazwa mgonjwa mwingine.

"Siwalaumu," anasema Mejumaa. "Na yule aliyelala pale ana mama yake."

Pesa hazikurudi kamili. Kila benki ilikata ada yake. Tena, dola zilizonunuliwa kwa bei ya juu zilibadilishwa kuwa shilingi kwa bei ya chini. Kilichopotea ni zaidi ya shilingi elfu thelathini na nne. Kwa Mejumaa, hizo ni pindo za jozi mia nane za leso na zaidi.

Hata hivyo, pengo hilo lingeweza kuzibwa. Binamu mmoja wa Muscat alishasema atalijaza. Kilichofuata ndicho ambacho watu wa Biashara Street bado wanakijadili.

Mejumaa hakuzituma tena pesa hizo. Alianza kuzunguka nyumba za wote waliochanga, mmoja mmoja, akiwauliza kama bado wanatoa.

"Mtu alinipa kwa nia ya safari ile," anasema. "Safari haikuwa. Pesa zilikuwa zimerudi mkononi mwangu, na mimi si mwenyewe. Ningezituma vipi mara ya pili bila kumuuliza?"

Alikwenda kwanza kwa maalim wa msikiti wa jirani. Maalim alimwambia kwamba hapana lazima, kwani nia ya watu ilikuwa matibabu ya mtoto, na mtoto bado mgonjwa. Mejumaa alimshukuru, akatoka, akaenda kupiga hodi ya kwanza.

"Nilimfuata njiani," anasema Jamaldin. "Nikamwambia, 'Bi Mejumaa, wewe mjinga wa peponi! Nani amekuuliza?' Akaniambia, 'Wewe ndio wa pili kwenye orodha yangu. Waziacha au wazitaka?' Nikamwambia naziacha."

Wengi walimjibu hivyo. Baadhi walikasirika kwa kuulizwa. Lakini miezi ilikuwa imepita, na hali za watu hubadilika. Kijana mmoja wa kupakua makontena Shimanzi alikuwa ameachishwa kazi. Alitazama chini, akasema angeshukuru kama angepata japo nusu. Mejumaa alimpa zote.

Bi Mwanaesha, ajuza anayeishi peke yake nyuma ya msikiti, alikuwa ametoa shilingi elfu ishirini alizokuwa akiziweka kwa ajili ya mtoto wa jicho. Wakati akitoa, jicho moja lilikuwa likiona. Sasa yote mawili yana ukungu.

"Aliniambia, 'Mwanangu, ningalinyamaza. Lakini umeniuliza,'" anasema Mejumaa. "Akalia yeye, nikalia mimi. Nikamhesabia."

Alipomaliza kuzunguka, alikuwa amerudisha shilingi laki moja na elfu kumi na mbili. Binamu wa Muscat, aliposikia, alipiga simu kwa hasira. Alisema hawezi kujaza ndoo ambayo mwenyewe anaitoboa. Hajapiga tena.

Upungufu sasa unakaribia laki moja na nusu. Kwa shilingi mia sita kwa siku, hata Mejumaa asile wala asilipe kodi, hiyo ni kazi ya zaidi ya miezi minane. Daktari wa Mombasa, alipompima Lamis tena mwezi uliopita, aliona moyo umetanuka kuliko mwanzo. Alisema bado anaweza kupanda ndege. Hakusema kwa muda gani.

Mejumaa anaulizwa kama anajuta. Anamaliza upande mmoja wa pindo, anakata uzi.

"Kuandika jina la daktari, najuta. Kila siku. Lamis akikohoa, nalisikia lile jina." Anageuza kitambaa. "Kuwauliza watu, sijui. Nikisema sijuti nitakuwa mwongo. Nikisema najuta, basi ni kana kwamba namtaka Bi Mwanaesha awe kipofu ili mwanangu apone. Sijui, ndugu yangu. Niandikie hivyo hivyo, kwamba sijui."

Lamis hashuki tena ngazi. Anakaa dirishani, ameegemea mito, kwa sababu akilala chali pumzi hukatika. Alikuwa akisomea ususi na mapambo ya harusi. Kwenye ukuta wake kuna picha za mikono iliyopakwa hina, kazi yake mwenyewe ya mwaka jana.

"Nilimwambia mama azirudishe zote," anasema, taratibu, akipumzika katikati ya maneno. "Watu waendelee na maisha yao. Mama akaniuliza, 'Nawe nikurudishe wapi?'"

Anatabasamu kidogo. "Tangu hapo sisemi."

Katika benki, Nicanor ameandaa karatasi mpya. Jina la mpokeaji ni la hospitali, alilolinakili kutoka kwenye barua mara hii, huku Mejumaa akiwa amekaa mbele yake. Kiasi na tarehe havijaandikwa. Nicanor anasema huiona kila anapofungua droo.

"Wateja wengine wakija kutuma nje, sasa naomba barua kwanza," anasema. "Wananiona msumbufu. Mmoja aliniita askari."

Mpango wa Mejumaa ni huu. Ramadhani ikikaribia, leso hununuliwa kwa wingi, na anaweza kupinda hadi jozi arobaini kwa siku ikiwa mgongo utamruhusu. Ameomba kazi za nyongeza katika maduka mengine mawili. Cherehani ataiuza mwisho, kwa sababu bila hiyo hawatakuwa na cha kula watakaporudi kutoka India. Anasema "watakaporudi" bila kusita, kama alivyolitaja jina la daktari siku ile.

"Nitatuma tena," anasema. "Mara hii wameniambia nitume kwa jengo. Haya, nitatuma kwa jengo. Mungu yuwajua mle ndani kuna watu."

Baada ya alasiri anafunika cherehani, anakunja mkeka, anamwachia Jamaldin jozi zilizo na majina. Anapita kununua mkate wa mofa na ndizi mbivu, kisha anaingia vichochoroni hadi chini ya dirisha lao. Angeweza kuvipandisha mwenyewe kwa ngazi. Lakini tangu utotoni kazi ya kuvuta kikapu kutoka dirishani ilikuwa ya Lamis, na Lamis hajakubali kunyang'anywa.

Kikapu kinateremka kwa kamba. Mejumaa anaweka mkate, anaweka ndizi mbili tu, anakigusa kuashiria tayari. Kinaanza kupanda. Kinapita dirisha la ghorofa ya kwanza. Kinasimama.

Jirani mmoja mlangoni anainua uso, anataka kusema kitu. Mejumaa anamwashiria anyamaze. Hamwiti Lamis, wala haulizi. Anasimama pale chini, mikono miwili imeinuliwa kidogo, kama mtu aliye tayari kudaka.

Muda unapita. Kisha kamba inavutwa tena.